Maneno Hayakamui Ng'ombe

Ieleweke kwa wote, kwa mujibu wa tangazo lililotiwa saini na mkurugenzi, likapigwa muhuri mara mbili na kubandikwa ukutani juu ya birika la kahawa, kwamba mwajiriwa mpya wa Kampuni ya Maziwa ya Volafotsy atathibitishwa kazini baada ya miezi mitatu ya majaribio, kwa kupimwa matokeo ya kazi yake, na matokeo ya kazi yake peke yake. Ukoo wake hautaangaliwa. Dini yake haitaulizwa. Ufasaha wake hautahesabiwa, kwa kuwa, kama tangazo lilivyomalizia kwa herufi kubwa, MANENO HAYAKAMUI NG'OMBE.

Bwana Ramasy, mkurugenzi, hakuandika hayo kwa kujifurahisha. Yeye ni mtu wa Antsirabe, mji wa baridi, karoti na jibini, na watu wa nyanda zile za juu za Bukini, kisiwa cha Wamalagasi, hawana jambo wanalolifanya bila kabary. Kabary ni hotuba, ila kuiita hotuba ni sawa na kuiita pilau wali mkavu. Mtu hazaliwi, hatahiriwi, haoi wala hazikwi mpaka mtu mwingine asimame, ajitande shuka begani, aanze kuomba radhi: radhi kwa wakubwa kwa kuwatangulia, radhi kwa wadogo kwa kuwazibia, radhi kwa waliokufa kwa kuwa yeye bado yu hai. Kwa msemaji hodari, hiyo radhi ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na habari yenyewe hufuata nyuma kama mkia. Siku Volafotsy ilipofungua kituo chake kipya cha kupokea maziwa, wasemaji walikuwa wengi na hodari, jua nalo lilikuwa kali, hata maziwa ya ufunguzi yakawa mtindi kabla mgeni rasmi hajayaonja. Bwana Ramasy aliyanywa hivyo hivyo mbele ya watu, huku akitabasamu. Kesho yake akaandika tangazo.

Wa kwanza kuajiriwa chini ya tangazo hilo alikuwa Fenosoa, ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa mtoto wa msemaji.

Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa seremala wa Ambositra. Wiki nzima alichonga majeneza, na Jumamosi aliyasindikiza kwa kabary, ikawa wateja wake wanahudumiwa pande zote mbili. Fenosoa alikwenda mji mkuu kusomea takwimu, akazisoma kweli, lakini jioni alikuwa katika chama cha wanafunzi wa kabary, na mwaka wa mwisho alishinda kombe. Kombe hilo liko kwa mama yake hadi leo. Linawekewa vijiko.

Alipohitimu, alianza kutafuta kazi kama wanavyotafuta wote, kwa koti la kuazima na nakala nyingi za cheti. Benki ya kwanza iliyomwita kwenye usaili ilimkalisha mbele ya watu watatu: wazee wawili wa Kimalagasi na mgeni mmoja kutoka ng'ambo.

"Jieleze," alisema mgeni. "Kwa kifupi."

Hapo Fenosoa akafanya kosa ambalo kijana wa taifa jingine asingeliweza kulifanya hata kwa kufundishwa. Alisimama. Akafunga kifungo cha koti. Akaomba radhi.

Aliomba radhi kwa kuwa mchanga mbele ya mvi, kwa kuwa kichaka mbele ya msitu, kwa kuwa mgeni katika nyumba yenye fedha za watu. Wale wazee wawili wakawa wanaitikia "Ndivyo" kila alipopumua, maana radhi ya mtu haikatizwi, na asiyeitikia hakulelewa. Mgeni aliangalia saa, kisha dari, kisha saa. Muda ulipokwisha, Fenosoa ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuwaomba radhi wafanyakazi wa benki waliotangulia mbele ya haki. Akashukuru, akaketi, bila kutaja hata jina lake.

Mmoja wa wale wazee alimfuata mpaka kwenye ngazi, anafuta macho.

"Mwanangu, tangu azikwe marehemu baba sijasikia radhi kama ile. Kazi hatukupi. Lakini Mungu akuzidishie."

Ikawa hivyo kwenye bima, ikawa hivyo kwenye shirika la maji. Kiwanda cha sabuni ndicho pekee kilichomwita tena, akafurahi, kumbe meneja alikuwa anaoza binti. Fenosoa alikwenda, akasema vizuri, akala vizuri, akarudi bila kazi.

Mama yake, anayeuza vitumbua penye kituo cha mabasi pale Ambositra, alimsikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vitumbua vyake kwa kijiti.

"Baba yako alilipwa kwa kusema," alimwambia. "Wewe inaonekana utalipwa kwa kunyamaza. Kila zama na mshahara wake. Nyamaza, mwanangu, uone."

Akanyamaza. Alipoitwa Volafotsy, aliingia ofisini kwa Bwana Ramasy akiwa ameuma meno kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

"Jina?"

"Fenosoa."

"Unajua nini?"

"Hesabu."

"Kwa nini nikuajiri wewe, nisiwaajiri wale waliojaa pale nje?"

Koo lilimjaa methali. Akazimeza moja moja.

"Nijaribu," akasema.

Bwana Ramasy akapiga meza kwa kiganja. "Huyu," alimwambia katibu wake. "Wengine waende nyumbani." Kisha akamwinamia Fenosoa. "Tangazo umelisoma. Mimi sitaki midomo hapa. Siku nitakayosikia hotuba kinywani mwako, hiyo hiyo ndiyo siku utakayorudi kwenu. Tumeelewana?"

Fenosoa akaitikia kwa kichwa, kwa tahadhari.

Hivyo ndivyo mshindi wa kombe alivyopata jina la Bubu. Aliyembatiza ni Vololona, mhasibu, mama wa watoto wawili, ambaye meza yake ilitazamana na ya Fenosoa.

"Bubu, umeamkaje?"

"Salama."

"Na huko Ambositra hawajambo?"

"Hawajambo."

"Jamani, huyu akinunua vocha ya simu, atawaachia wajukuu urithi."

Fenosoa alicheka kwa pua. Si kwamba hakuwa na jibu. Alikuwa na majibu saba, moja likiwa na vina. Lakini mama yake alikwisha kuwatangazia wanunuzi wote wa vitumbua kwamba mwanawe ni mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi hawezi kurudi kituoni kuuliza kama kuna nafasi ya kukoroga unga. Athibitishwe kwanza. Atasema akishastaafu.

Kazi aliyopewa ilikuwa moja: aeleze kwa nini maziwa ya kijiji cha Ambohitsoa huganda. Ambohitsoa ndiko kuliko na ng'ombe wengi na majani mazuri, na maziwa yake hufika kiwandani safi siku zote, isipokuwa mara moja kwa wiki hufika mtindi. Dereva alilaumu madebe. Wa madebe alimlaumu dereva. Fenosoa alichora jedwali, akagundua ni Jumanne, akapanda kwenda kijijini kuuliza, na kwa kuwa kule hakuna aliyemjua, aliuliza kwa maneno ya kutosha.

Jibu halikuwa gumu. Kwa watu wa Ambohitsoa, Jumanne ni mwiko. Tangu mababu, siku hiyo jembe haligusi ardhi na halianzishwi jambo. Sasa mtu asiyelima hufanya nini? Hukamua alfajiri, huacha debe barabarani, huvaa kofia, huenda kutembelea wakwe. Lori huja mchana kama siku nyingine. Debe limekaa juani asubuhi nzima peke yake, halina wa kulisogezea kivulini.

Siku hiyo aliyoligundua, furaha ilimzidi. Alijikuta peke yake nyuma ya zizi, mbele yake mtamba mwekundu anacheua, na jua linapasha ukuta. Akatazama huku na huku. Akajitanda koti begani.

"Niwie radhi, mama," alimwambia mtamba. "Mimi si ndama wa zizi hili, wala sikunyonya majani ya mlima huu. Nimekuja na miguu miwili mbele ya aliyeumbiwa minne..."

Akaendelea. Alikuwa na miezi ya deni kifuani. Alipofika kwenye radhi kwa fahali wote waliotangulia, sauti nyuma yake ikaitikia, "Ndivyo."

Ni Vololona, aliyekuja na lori kukagua madebe. Alikuwa amesimama kitambo, mikono ameifumbata, akingoja radhi iishe, maana hata kwa ng'ombe radhi haikatizwi.

"Kumbe Bubu una ulimi," alisema.

"Dada Vololona, nakusihi. Kazi yangu."

"Kwani nimesema kitu? Mwombe huyo mtamba ndiye asiseme." Akachukua kijiti, akaandika alama kwenye debe. "Ila ile ya miguu miwili mbele ya minne ni nzuri. Babu yangu angekulipia."

Ripoti aliiandika kwa ufupi wa kikatili. Sentensi yake ya kwanza ilisema: *Ambohitsoa halianzishwi jambo Jumanne.* Ya mwisho ilipendekeza kwamba Jumanne lori litangulie huko asubuhi. Akaitia katika bahasha, akaifunga kwa gundi, akaipeleka kwa mkurugenzi wiki ya mwisho ya majaribio.

"Nitaisoma," alisema Bwana Ramasy, akaiweka karibu na dirisha. Ukweli ni kwamba wiki hiyo hakuwa na macho ya ripoti. Alikuwa anamwoza mwanawe.

Kijana wake, Tolotra, alikuwa amependa, na alikuwa amependa vizuri: Sahondra, binti wa mfugaji mkubwa kuliko wote wa Ambohitsoa, ambaye nusu ya maziwa ya Volafotsy hutoka mikononi mwake. Moyo wa kijana na biashara ya baba vilielekea mlima mmoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi katika familia. Ilibaki posa. Posa ya kule huitwa kitako cha kondoo, ingawa kondoo mwenyewe siku hizi huja ndani ya bahasha. Upande wa mume huleta mshenga, upande wa mke huweka wake, na wawili hao hupigana kwa kabary mbele ya watu. Mshenga wa mume akikosea adabu hutozwa faini. Akikosea zaidi, mikeka hukunjwa.

Bwana Ramasy, pamoja na tangazo lake, hakuwa mjinga. Alimkodi Bwana Ezekiela, msemaji mwenye jina katika mji mzima. Na kwa kuwa ndugu zake mwenyewe wengi wako ng'ambo, na si vizuri upande wa mume uonekane mchache kama meno ya mtoto, aliwaagiza wafanyakazi wote waje Jumamosi wamevaa vizuri. Fenosoa alipewa kamera.

"Wewe ndiye unayefaa," alisema mkurugenzi. "Kamera nayo haisemi."

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa ya Julai, majani yameota barafu. Walipofika mbele ya nyumba ya matofali mekundu ya Ambohitsoa, Bwana Ezekiela alishuka garini, akajitanda shuka lake la hariri, akafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlio wa mlango wa zizi. Wiki hiyo alikuwa amesema kwenye mazishi manne, yote uwanjani. Akajaribu tena. Mlango ule ule.

"Chai ya tangawizi," alisema Vololona.

"Tumekwisha kukaribishwa," alisema Bwana Ramasy. Wenyeji walikuwa mlangoni wamesimama. Akavuta koti, akanyoosha mgongo, na uso wake ukawa ule wa mtu aliyeandika tangazo. "Nitasema mwenyewe. Na mtaona ni kitu cha dakika moja."

Ndani, wenyeji walikaa upande wa kaskazini mashariki, ambao ni wa mababu, na wageni wakakaa mlangoni kama inavyowapasa waombaji. Msemaji wa upande wa mke alikuwa Mzee Samoela, babu mdogo wa binti, mwembamba, shuka limemkaa begani kama limeota hapo. Bwana Ramasy akasimama.

"Habari za asubuhi. Mwanangu Tolotra anataka kumwoa Sahondra. Zawadi ni hizi. Harusi tumeipanga Jumanne ya pili ya mwezi ujao, lori litakuwa na nafasi. Kuna swali?"

Kuku alisikika nje.

"Wenzangu," alisema Mzee Samoela taratibu, bila kumwangalia mtu, "nimesikia mlio. Sijui kama ni mtu amesema au ni dirisha limepigwa na upepo."

Wenyeji wakacheka ndani ya mashuka.

"Kama ni mtu, basi aliingia bila kuomba radhi. Faini."

Bwana Ezekiela, ambaye sasa kazi yake ilikuwa ya mikono tu, akaweka noti kwenye sahani.

"Na alimtaja binti yetu kwa jina, kana kwamba anaagiza jibini. Faini. Na akatuuliza kama tuna swali, kana kwamba sisi ni darasa. Faini. Bwana, kaza kamba, mfuko wako utachoka kabla yangu."

Mpaka hapo mambo yalikuwa mabaya kwa namna ya kawaida. Tolotra, kwenye kona, alikuwa amepoteza rangi lakini bado anapumua. Kisha Mzee Samoela akainua mkono, na kicheko kikakatika.

"Sasa iko hii Jumanne," alisema. "Kuanzisha nyumba Jumanne. Katika kijiji hiki. Mbele ya makaburi yale."

"Faini yake ni ngapi?" aliuliza Bwana Ramasy, mkono u mfukoni tayari.

"Hiyo haina faini," alisema mzee, akaanza kulikunja shuka lake. "Hiyo ina kwaheri."

Mama wa binti alisimama. Mtu mmoja akaanza kuuinua mkeka kwa ncha. Bwana Ramasy alisimama pale pale, kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anatafuta neno.

Fenosoa aliyaona yote hayo kupitia kwenye kamera, na kupitia humo yalionekana madogo na yanayoweza kurekebishwa. Alijua cha kusema. Alikuwa amekijua tangu neno "Habari". Alijua pia kwamba majaribio yanakwisha Jumatatu, na aliyeyashika mkononi alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake.

Vololona alimchoma kwa kiwiko.

"Bubu. Unangoja nini, mtamba akuitikie?"

"Amesema siku nitakayohutubia ndiyo siku nitakayofukuzwa."

"Basi fukuzwa vizuri. Mtoto wa watu analia pale."

Tolotra, kwa kweli, alikuwa analia. Fenosoa akampa Vololona kamera. Akaliomba shuka la Bwana Ezekiela kwa macho, akapewa. Akajitanda. Akasimama.

"Kaa chini," alinong'ona Bwana Ramasy. "Utaniharibia."

"Naomba radhi," alisema Fenosoa, na sauti yake, baada ya miezi mitatu gerezani, ilitoka imenona. "Naomba radhi kwa wakubwa, maana mimi si jogoo wa boma hili hata niwike. Ni kifaranga, na ganda bado liko mgongoni."

Mkono ulioshika mkeka ulisita.

"Naomba radhi kwa wadogo, maana nimesimama na kuwazibia mwanga, nao mwanga wenyewe leo ni haba. Naomba radhi kwa mlima ulioko nyuma ya nyumba hii. Tangu zamani umezoea kusikiliza mababu wa mzee wangu huyu, na leo umeletewa mimi. Lawama ni moshi, wenzangu. Ukiufukuza mlangoni, huingia dirishani. Basi naufungulia kote, utoke."

"Ndivyo," alisema mtu upande wa wenyeji, kabla hajajizuia.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya, kwa sababu radhi haikatizwi. Mkeka ukarudi chini. Mama wa binti akaketi. Fenosoa aliomba radhi kwa miguu yao yenye vumbi, kwa msemaji wao aliyeibiwa sauti na marehemu wanne, kwa baba wa kijana aliyekuja mbio kwa upendo hata akaiacha adabu njiani, nayo inakuja nyuma kwa miguu. "Ndivyo" zikaongezeka. Mzee Samoela aliendelea kulishika shuka lake lililokunjwa nusu, kama mtu aliyekuwa anaondoka akasikia harufu ya chakula.

"Umesema vizuri, kifaranga," alisema hatimaye. "Lakini Jumanne imesemwa. Maji ya mtungini humwagwa mara moja."

"Yamemwagwa, mzee. Ila tuangalie yameelekea wapi. Baba yetu hakusema siku ya kuanza. Baba yetu ni mtu wa maneno machache, na maneno machache yana shida ya kubebeshwa mengi. Alijua kwamba Jumanne jembe la Ambohitsoa hulala, na mwenye jembe huvaa kofia akaenda kuwaona wakwe. Alikuwa anaomba awe mkwe. Kwamba kila Jumanne, jembe likilala, mlango wake wa Antsirabe uwe miongoni mwa milango mnayobisha. Siku ya harusi yenyewe, nani sisi hata tuipange? Siku hupangwa na wenye binti na wenye makaburi."

Mzee Samoela akamgeukia Bwana Ramasy. "Ndivyo ulivyokusudia?"

"Ndivyo hasa," alisema mkurugenzi, bila kupepesa.

"Na wewe, kifaranga, nani alikwambia kwamba Jumanne hatulimi?"

"Maziwa yenu, mzee."

"Yalisemaje?"

"Yaliganda. Yalikaa juani peke yake, wenyewe mmekwenda kutembea."

Nyumba nzima ikacheka, wenyeji kwa wageni, na Bwana Ramasy akacheka kuliko wote, huku akimpiga mwanawe mgongoni. Aliona ni mzaha mzuri sana.

Karibu na mwisho, Fenosoa aliposhukuru nchi, alitaja kijito kabla ya mlima.

"Mlima kwanza!" Mzee Samoela aliruka kama aliyekuwa anangoja hapo tangu asubuhi. "Faini!"

"Amekosea," alinong'ona Bwana Ramasy kwa masikitiko.

"Amekosea makusudi, bwana mkurugenzi," alimnong'oneza Vololona. "Mshenga asiyetozwa faini amewaaibisha wenyeji. Ungetaka mzee alale njaa?"

Mzee Samoela alipokea faini yake kwa mikono miwili, akalikunjua shuka lake, akalitanda tena begani. Wakala wali na kisamvu cha nyama ya nguruwe, wakanywa maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, na binti akaja kuketi karibu na Tolotra, ambaye alikuwa amerudiwa na rangi zote na nyingine za ziada. Jioni Bwana Ramasy aliwarudisha mjini. Alipomshusha Fenosoa, alisema tu: "Jumatatu asubuhi. Ofisini kwangu."

Jumapili Fenosoa alikunja koti, akafunga sanduku, na hakumpigia simu mama yake.

Jumatatu Bwana Ramasy alimwacha asimame kwanza.

"Ulinidanganya," alisema. "Uliniambia huna maneno."

"Sikusema, bwana mkurugenzi."

Bwana Ramasy alilifikiria hilo. "Ni kweli. Hukusema." Akavuta karatasi, akaisaini, akapiga muhuri mara mbili. "Umethibitishwa. Afisa wa takwimu, na shughuli nyingine kadiri zitakavyojitokeza. Ijumaa tunazindua jokofu jipya. Jumamosi kuna msiba wa bawabu, amefiwa na mkwewe. Ezekiela anasema atapumzika mpaka mvua zianze. Una shuka lako?"

"La marehemu baba liko Ambositra."

"Tuma watu wakuletee." Akainuka, akampa mkono. "Na usije ukadhani nimevunja sheria. Tangazo liko pale pale. Umepimwa kwa matokeo ya kazi yako."

"Ripoti ilifaa, bwana mkurugenzi?"

"Ripoti? Nzuri sana. Fupi. Ndivyo ninavyozipenda."

Akainua birika lake la kahawa kumimina vikombe viwili. Lilikuwa limeketi juu ya bahasha, karibu na dirisha, na gundi ya bahasha ilikuwa haijaguswa.

Fenosoa alikunywa kahawa, akashukuru kwa neno moja, akatoka. Mezani, Vololona alimsukumia kitumbua kilichofungwa kwenye karatasi.

"Haya, Bubu. Tuhutubie."

"Kesho," alisema Fenosoa.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Maziwa ya Ambohitsoa yalifika mchana, yameganda.